Walisema ni Barafu

Jumapili ile kanisa zima liliilaumu barafu. Mchungaji aliitaja madhabahuni, akinamama waliirudia jikoni wakimimina chai, na wazee wa kanisa walipopita mmoja mmoja kumsalimu Kerubo, kila mmoja alikuwa nayo mdomoni. "Pole sana, Mama Joan. Hii barafu ya Minnesota itatumaliza." Walimshika mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa umefungwa kifuani kwa kitambaa cha hospitali, na Kerubo, ambaye tangu utotoni hakuwahi kumpa mtu mzima mkono wa kushoto, aliona haya kila mara kama ndiyo mara ya kwanza.

Alikaa kiti cha mbele, kiti cha mke wa Mheshimiwa. Alivaa gauni la binti yake lenye vifungo mbele, maana lake mwenyewe lisingepita begani. Joan alimsuka asubuhi ile mistari minene michache, kama mtoto wa chekechea. Kando yake mumewe, Sydney Kiprop, mjumbe katika bunge la jimbo, alisimama kuwashukuru watu kwa sauti ile iliyomfanya achaguliwe.

Ilikuwa sauti ya kusikilizwa. Ilianzia Eldoret, katika stesheni ndogo ambako alisoma taarifa za habari, ikavuka bahari pamoja naye, na kwa miaka mingi ikawa ndiyo Jumamosi yenyewe kwa Waswahili wa Minneapolis na Saint Paul. Kipindi kiliitwa Baraza la Jumamosi. Watu walikisikiliza ndani ya magari wakitoka kazini, macho mekundu, kahawa mkononi. Sydney alitangaza harusi na misiba. Aliwaeleza wageni wasitie sahihi mkataba wa nyumba wasiouelewa. Wakati mmoja mwenye majengo ya Hopkins alipowazimia wapangaji hita katikati ya Januari, Sydney alimpigia simu hewani, watu wote wakisikia, akamwacha ajieleze mpaka maneno yakamwishia. Jioni hita ikawaka. Alipogombea ubunge, aligonga milango ya watu ambao hawakuwahi kuiona sura yake, na waliokuwa wamenyamaza ndani wakijifanya hawapo walifungua aliposema tu "Habari za asubuhi." "Kumbe ni wewe!" walisema, wakamvuta ndani.

Sasa sauti hiyohiyo ilikuwa ikisema, "Tunamshukuru Mungu, barafu haikumchukua mke wangu."

Asubuhi ya ajali hapakuwa na barafu. Chumvi ya kuyeyusha barafu ilikuwa imemwagwa, jua lilikuwa limetoka, na barabara ya 169 ilikuwa kavu. Kerubo hakuteleza. Alisinzia kwenye usukani, gari likaenda lenyewe hadi kwenye chuma cha kando ya barabara, kwa kuwa alikuwa amezuiwa kazini zamu ya pili juu ya ile ya kwanza. Na mtu aliyemzuia alikuwa ameketi safu ya pili, kofia ya zambarau kichwani, akifuta machozi.

*

Kesho yake mtu huyo alikuja nyumbani kwao Hopkins na mukimo, viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi, kwenye trei iliyofunikwa karatasi ya fedha. Aliitwa Nkirote. Alikuwa na nyumba za kutunzia wazee kule Coon Rapids, zote zikiitwa Tulizo, na nusu ya kanisa ilikuwa imefanya kazi kwake au ilikuwa inafanya. Alikuwa pia mwenyekiti wa kamati ya uchaguzi ya Sydney.

"Umekula, Mama Joan?"

"Nimekula, Dada Nkirote."

"Hujakula, nakuona. Joan, lete sahani, mtoto mzuri."

Akapakua, akachukua kijiko, akaanza kumlisha. Kerubo alisema ataweza kwa mkono wa kushoto, lakini kijiko kilikuwa kimeshafika mdomoni. Kwa miaka yote ya kazi yake yeye ndiye aliyeshika kijiko. Alijua ilivyo aibu kwa mzee kufungua mdomo kama ndege, na ndiyo maana siku zote aliwauliza kwanza. Sasa alifungua mdomo, akameza, na Sydney alikaa kwenye kochi akitazama simu yake.

"Nimekuja kwa ajili ya ule mswada," Nkirote alisema, macho kwenye sahani.

Mswada wenyewe ulitaka jambo la kawaida kabisa. Zamu ya mfanyakazi wa nyumba ya wazee ikiisha, asizuiwe kwa kutishiwa kwamba atashtakiwa kumtelekeza mgonjwa. Wa zamu inayofuata asipofika, ni juu ya mwenye nyumba kutafuta mtu au kuja mwenyewe. Jumanne ya wiki iliyofuata ungepigiwa kura katika kamati ambayo Sydney alikuwa mjumbe. Wenzake walikuwa wamegawanyika nusu kwa nusu. Kura yake ndiyo ingeupitisha au kuuzika.

"Watu wanaoandika hizi sheria hawajawahi kubadilisha mzee nepi," Nkirote aliendelea. "Mimi nimebadilisha. Nilianza na nyumba moja, nalala sakafuni. Nimewapa kazi watu wetu wakiwa hawajui hata kutembea kwenye theluji. Wakinifunga, wataenda wapi?"

"Dada, hakuna anayetaka ufunge," Kerubo alisema. "Lakini nilikupigia. Nikakwambia macho yangu yanafunga."

"Na mimi ningefanya nini? Mutesi hakuja, gari lake lilikataa kuwaka. Nimepigia kila mtu!"

"Ungekuja wewe."

Kijiko kilisimama hewani. "Mimi nilikuwa kwa kesha, Mama Joan. Kesha la kanisa. Hata wewe ulijua."

Joan, aliyekuwa mlangoni na trei tupu, aliuliza kwa Kiingereza walikuwa wanaombea nini.

"Afya ya watu wetu," Nkirote alijibu, kisha akasikia alichosema, akaweka kijiko chini. Alipoinuka kwenda zake alimshika Kerubo shavu. "Ukipona kuna kazi ya ofisini. Ya kukaa. Umenielewa? Sisi ni watu wa nyumba moja. Mambo yetu tusiyapeleke kule bungeni Saint Paul yakachekwe."

Mlango ulipofungwa, Kerubo aligundua kwamba kidevu chake kilikuwa na mukimo. Hakuna aliyemwambia.

*

"Nitakwenda Jumanne," alimwambia mumewe. "Nitakaa mbele yenu niseme."

Sydney alivua miwani, akaisugua kwa shati. "Mama Joan, fikiria kidogo. Mke wa mjumbe anamshtaki mwenyekiti wa kampeni ya mumewe. Unajua wataandika nini?"

"Waandike ilivyokuwa."

"Hawaandiki hivyo. Wataandika Wakenya wanakulana wenyewe kwa wenyewe. Wataandika Kiprop hajui hata kuweka nyumba yake sawa. Na yule mama ndiye aliyenipa ukumbi wakati hakuna aliyenijua. Akinamama wake ndio waliopika chai ya wale vijana wa kugonga milango. Nisingekuwa pale bila yeye."

"Na mimi? Nani alibeba nyumba hii ukiwa huna mshahara, unagonga milango?"

"Wewe," alisema haraka. "Wewe, najua. Sijasema usiongee. Nasema tutafute njia." Akapata njia hapohapo, uso ukamwangaza kama kijana. "Turekodi. Kama zamani. Abdulhadi wa Baraza ataiweka hewani Jumamosi, mimi nitawapelekea wenzangu tafsiri. Utasema kila kitu, bila kukaa mbele ya kamera na huo mkono."

Kerubo alimtazama sana. Aliolewa na mtu huyu kwa sababu mtu huyu alijua kusikiliza. Akakubali.

Walirekodi ndani ya kabati la makoti, palepale Sydney alipokuwa akirekodi matangazo yake siku za shida, kwa kuwa makoti ya baridi humeza mwangwi. Alimwekea stuli, akamtegemezea mto mgongoni, akachuchumaa sakafuni na kipaza sauti. Kerubo alisema. Alisema juu ya mzee wa chumba cha mwisho, dereva wa treni wa zamani, ambaye kila giza likiingia alitaka kutoka nje akamtafute mkewe aliyekwisha kufa, hivyo asingeweza kuachwa peke yake hata kwa muda wa kwenda msalani. Alisema alivyopiga simu mara ya kwanza na ya pili. Alisema alichojibiwa. Alieleza hata habari ya majira mengine ya baridi, barabara zilivyokuwa mbaya na bado hakuwahi kupata ajali. Alipofika kwenye chuma cha barabara alilia, na Sydney akalia pia, akizuia pumzi isiingie kwenye mashine.

"Utaikata?" alimwuliza alipomaliza.

"Nitaisafisha tu. Kikohozi, na pale ulipovuta kamasi."

Alikuwa maarufu kwa kusafisha. Watu waliowahi kulalamika kipindini walikuwa wakijisikia baadaye na kushangaa kwamba kumbe wanajua kusema vizuri hivyo.

*

Jumamosi asubuhi Kerubo aliweka redio mezani, akakaa kama mgeni. Joan alikuwa akiosha vyombo. Mtangazaji sasa alikuwa Abdulhadi, kijana wa Mombasa ambaye Sydney alimfundisha kazi, na mgeni wa siku hiyo studioni alikuwa Sydney mwenyewe.

"Tunaye Mheshimiwa wetu leo," Abdulhadi alisema. "Tutazungumza juu ya mswada wa wafanyakazi wa nyumba za wazee. Lakini kwanza, tumsikilize mmoja wao. Ni mtu wa karibu na Mheshimiwa, na kwa hilo tunampa pole."

Kisha sauti ya Kerubo ikajaa jikoni, laini, haina kikohozi.

"Mimi naitwa Kerubo. Nafanya kazi ya kutunza wazee, na naipenda. Asubuhi ile nilitoka kazini nimechoka. Nikaingia barabara ya 169. Barabara zetu wakati wa baridi ni mbaya. Sikumbuki zaidi. Nilipofungua macho nilikuwa hospitali. Naomba tukumbukwe."

Ukapigwa muziki mfupi.

Kila neno lilikuwa lake. Yote aliyatamka kwa mdomo wake, katikati ya makoti yale. Lakini maneno ya majira mengine yalikuwa yametolewa mahali pake yakabandikwa asubuhi ya ajali, na Nkirote hakuwemo, wala simu, wala kitisho, wala mzee wa treni. Kazi ilikuwa safi kiasi kwamba hata yeye mwenyewe, kwa sekunde moja, aliiona barafu.

Joan alifunga bomba. Kwa Kiingereza alisema, "Hukusema hivyo."

"Nilisema."

"Si hivyo, mama."

"Nipigie ile namba," Kerubo alisema. "Mimi siwezi kwa mkono huu. Ipige."

Simu iliita kwa muda. Joan alizima redio isije ikapiga kelele, akaiweka simu kwa spika.

"Baraza la Jumamosi, laini ya kwanza, karibu. Nani mwenzetu?"

"Naitwa Kerubo. Napiga kutoka Hopkins."

Abdulhadi aliitambua sauti. "Bi Kerubo. Ahlan. Pole na..."

"Asante. Maneno mliyoyaweka hewani ni yangu, lakini yamekatwa. Mimi sikuteleza. Barabara ilikuwa kavu. Nilizuiwa kazini, nikapiga simu nikasema siwezi tena, nikaambiwa nikiondoka..."

"Asante sana, mama, kwa mchango wako."

Ilikuwa sauti ya Sydney. Ile nzuri, ya asali, aliyokuwa akiwatuliza nayo walevi na vichaa waliopiga simu kipindini. "Tunakuombea upone haraka. Abdulhadi, nadhani tunaye mwenzetu laini ya pili?"

Simu ikakatika.

Kerubo alibaki ameitazama. Miaka yote ya ndoa alikuwa ameitwa na mume wake kwa majina mengi, ya mapenzi na ya hasira, lakini hakuwahi kuitwa mama wa kupiga simu redioni. Joan alisema neno la Kiingereza ambalo siku nyingine lingemletea kofi. Mama yake hakumkemea. Joan akawasha tena redio, kwa hasira zaidi kuliko kwa kutaka kusikia.

"...niko Savage, naitwa Kamau," mwanamume alikuwa akisema, mlio wa lori nyuma yake. "Nilikuwa nimepiga kuuliza ile leseni ya ku-drive lori, kama mtihani unafanywa Kiswahili. Lakini hebu kwanza, huyo mama mbona mmemkata?"

"Muda, ndugu yangu," Sydney alisema. "Sasa, kuhusu leseni..."

"Leseni itangoja. Mheshimiwa, hiyo asubuhi mimi nilipita hapo 169. Nilipita gari lenyewe likiwa limejikunja hapo. Barabara ilikuwa kavu kama sakafu ya jikoni. Mimi nimekaa nikisikia barafu, barafu, nikafikiri labda mimi ndiye mwehu. Mrudisheni huyo mama amalize. Muda wangu mpeni."

Akakata mwenyewe.

"Laini ya tatu," Abdulhadi alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua utangazaji.

"Abdulhadi, mwanangu, mimi Bi Saadia."

"Shikamoo, Bi Saadia. Ni lile tangazo la duka?"

"Marahaba. Duka halijahama, liko palepale. Nataka kumsikia yule mwanamke. Huyu bwana nilimpa kura yangu, nikawatia na wanangu kwenye gari wakampe. Nimemsikia kwenye redio miaka yote, hamkatizi mtu. Leo kamkatiza mkewe! Haya, mimi nimemaliza. Mpigie."

"Bi Saadia, tafadhali," Sydney alianza.

"Sisemi nawe."

Laini zilikuwa zinawaka zote. Abdulhadi alisema hivyo hewani, bila kutaka. Mpigaji aliyefuata aliongea taratibu sana, Kiswahili cha Bukavu kilichochanganyika na Kifaransa.

"Mimi ni Mutesi. Bon. Ni mimi gari yangu haikuwaka ile siku. Mimi njo nilipaswa kuingia. Ile yote Kerubo anasema ni kweli, miye pia nimeambiwaka vile, kwamba ukitoka utafungwa. Tuliogopa wote. Hata leo naogopa, kesho niko na zamu. Lakini mumurudishe. Vraiment, mumurudishe, ni haya kubwa."

Kisha palisikika sauti ya karatasi, na kiti kilichoburutwa. Sydney alisema kitu kwa chini, mbali na kipaza sauti, lilisikika neno "mwenyewe," na neno "baadaye." Abdulhadi akajibu, naye akiwa karibu kabisa na kipaza sauti, hivyo wote wakasikia: "Niwie radhi, mwalimu. Kipindi ni changu."

Simu iliita juu ya meza ya Kerubo, na Joan akapunguza redio.

"Bi Kerubo, uko hewani," Abdulhadi alisema. "Endelea ulipokuwa umefika."

Hakuwa amejiandaa. Alisimama, kwa kuwa kukaa kulimfanya ajisikie mgonjwa.

"Nilikuwa nimesema nilipiga simu. Niliyempigia ni Dada Nkirote wa Tulizo. Nilimwambia, dada, macho yangu yanafunga, nimesimama ukutani nisilale. Akaniambia nikitoka mlangoni ataripoti kwamba nimemtelekeza mzee, na sitashika mgonjwa tena maisha yangu. Mimi nisingemwacha yule mzee. Anajua hilo. Nisingemwacha hata bila kutishwa. Nilitaka tu mtu aje. Alikuwa kanisani, na funguo za gari mfukoni. Sasa bega langu halitarudi lilivyokuwa, daktari amesema, na sitanyanyua mtu tena. Sawa. Watu huumia kazini. Lakini nimekaa kanisani nikaambiwa pole na barafu, na watu wanaojua, na nikaitikia asante. Hiyo ndiyo sikubali." Alivuta kamasi kwa nguvu, wala hakuomba radhi. "Baba Joan, nakuuliza wewe. Umekaa hapo. Kwa nini ulinikata?"

Redioni pakawa kimya. Ni kimya ambacho watangazaji hukiogopa kuliko matusi, na Sydney Kiprop, katika kazi yake yote, hakuwahi kukiruhusu kipite hewani. Sasa kilipita, kikaendelea kupita. Watu waliokuwa kwenye magari walidhani betri zimekufa.

"Tumekusikia, Bi Kerubo," Abdulhadi alisema mwishowe.

*

Sydney alirudi mchana, akasimama mlangoni na viatu vyake miguuni, theluji ikiyeyuka juu ya zulia.

"Nilitaka kukulinda," alisema.

"Na nani?"

Sydney akajaribu neno jingine. "Nkirote amenipigia. Nikiupitisha mswada, anajitoa, na kamati nzima ya kampeni. Uchaguzi ujao sina mtu. Nimefanya kazi maisha yangu yote, Kerubo. Nimetoka kusoma bei za mahindi redioni mpaka nimekaa mahali ambapo sheria inaandikwa. Nikiondoka pale, nani wetu atabaki?"

"Ukibaki pale ufanye nini?" alimwuliza, na hakuuliza kwa kejeli, alitaka kujua. "Yule mwenye majengo ulimwacha aseme mpaka akachoka. Mzungu asiyekujua. Mimi hukunimalizia hata sentensi. Ukaniambia asante kwa mchango."

"Nilishtuka. Mdomo uliongea wenyewe."

"Na kabati je? Kule pia mdomo uliongea wenyewe? Ulikaa usiku ukinipanga neno kwa neno."

Kitambaa cha mkono wake kilikuwa kimelegea. Sydney aliona, akapiga hatua akanyoosha mikono ili amfunge vizuri. Kerubo akarudi nyuma.

"Acha. Joan atanifunga."

*

Jumanne alikwenda Saint Paul kwa gari la Mutesi, ambalo siku hiyo liliwaka. Chumba cha kamati kilikuwa cha mbao nyeusi, na joto lilikuwa kali kiasi kwamba watu walikuwa wamerundika makoti yao kwenye viti. Bi Saadia alikuwepo, na watu wengine ambao Kerubo aliwajua kwa sauti tu. Wakenya wa kanisa walikuwa wachache, wameketi mbalimbali, kama wasiofahamiana.

Nkirote alizungumza kwanza. Alizungumza vizuri, na mengi aliyosema yalikuwa ya kweli: serikali hulipa nyumba hizo kidogo, wafanyakazi hawapatikani, wazee hawana pa kwenda. Ajali hakuigusa. Kisha Kerubo aliitwa, akaketi kwenye meza ya mashahidi, akasema kwa Kiingereza chake cha kazini, chenye sentensi fupi, kile alichokuwa amekisema kwa Kiswahili. Muda wake uliisha kabla hajamaliza, na mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mwenye mvi, akamwashiria aendelee.

Waliulizwa wajumbe kama wana maswali kwa shahidi. Sydney alikuwa ameketi pembeni, bango la jina lake mbele yake. Watu walimgeukia. Alitikisa kichwa. Kerubo alihisi moto ukimpanda shingoni, hasira mpya juu ya ile ya zamani. Hata hapa? Alirudi kiti chake karibu na Mutesi akitembea wima, kwa sababu Nkirote alikuwa anamtazama.

Karani akaanza kuita majina kwa ajili ya kura. Ndiyo. Hapana. Hapana. Ndiyo. Alikuwa kijana mwenye tai iliyopinda, anasoma bila kuinua macho.

"Kiprop?"

Midomo ya Sydney ilisogea.

Karani alisubiri, kalamu mkononi. "Hatukusikia, Mheshimiwa. Rudia, tafadhali."

Mtu mmoja nyuma alicheka kidogo, akidhani ni utani, maana nani asiyemsikia Sydney Kiprop? Hakuwa anatania. Alisafisha koo, halikusafishika. Alimtazama Nkirote, akamtazama mkewe, kisha akakivuta kipaza sauti mpaka kikamgusa meno, kikapiga mluzi ndani ya chumba kizima, kosa ambalo hata mwanafunzi wa siku ya kwanza redioni halifanyi.

"Ndiyo," alisema. Ilitoka imekwaruza, sauti ya mtu yeyote. "Kura yangu ni ndiyo. Na shahidi ni mke wangu, na rekodi mliyopelekewa na ofisi yangu si ya kweli. Niliikata mimi."

Nkirote alichukua koti lake. Mutesi aliutafuta mkono mzima wa Kerubo akaubana mpaka ukauma. Mwenyekiti alisema kauli ya mjumbe imeingia kwenye kumbukumbu, na kwamba tafadhali watu wasipige makofi.

Kerubo hakupiga, wala hakumtazama mumewe. Alikuwa ameinamia mbele, anamsikiliza karani, asilikose jina linalofuata.